Bach Alikuwa Chaguo la Tatu: Nani Huamua Mtunzi Gani Akumbukwe?

Mwaka 1722 mji wa Leipzig ulifiwa na mkuu wake wa muziki, Johann Kuhnau, na madiwani wakaanza kumtafuta wa kujaza nafasi. Chaguo lao la kwanza lilikuwa Georg Philipp Telemann, mtunzi aliyevuma kuliko wote katika nchi za Wajerumani. Wakampa kazi, yeye akaitumia nafasi hiyo kuwabana waajiri wake wa Hamburg, wakamwongezea mshahara, akabaki hukohuko. Madiwani wakamgeukia Christoph Graupner wa Darmstadt. Huyo naye alikuwa tayari kuja, lakini mtawala aliyemwajiri akagoma kumwachia na kumpandishia malipo. Ndipo zamu ikamfikia Johann Sebastian Bach. Katika kumbukumbu za vikao vya baraza, Aprili 1723, yamebaki maneno ya diwani Platz: kwa kuwa walio bora hawapatikani, hatuna budi kuchukua wa wastani.

Wapenzi wa muziki wa klasiki huyasimulia maneno hayo huku wakicheka. Lakini Platz hakuwa kiziwi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kanisani na ya shuleni kwa pamoja, vipindi vya Kilatini vikiwemo, na Bach hakuwahi kusoma chuo kikuu. Kwa vipimo vya mwaka ule Telemann alikuwa mkubwa kuliko Bach, na karibu kila mtu aliyeujua muziki wa Ujerumani angekwambia hivyo. Noti za Bach hazijabadilika tangu hapo. Foleni ndiyo iliyopanguliwa.

Nani aliipangua? Tuna msemo wa kujibu haraka: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yaani muda ni hakimu, na muziki bora hujitokeza wenyewe juu kama mafuta kwenye maji. Ni maelezo yanayotuliza moyo, na nadhani ndiyo maana yanapendwa. Ila ukifuatilia habari za watunzi hawa karatasi kwa karatasi, utakuta kizuri nacho kilitembezwa, tena kwa miaka mingi, na watu wenye majina na sababu zao.

Kwanza tukumbuke kwamba muziki ulioandikwa hauko kama kitabu. Kitabu mtu hukichukua rafuni akakisoma peke yake. Kantata ya Bach, yaani muziki wa kanisani wa waimbaji na vyombo, inadai noti zilizonakiliwa kwa kila mpigaji na kila mwimbaji, inadai mazoezi, ukumbi, na mtu wa kulipa gharama. Isipopigwa haipo. Na katika karne ya 18 hakuna aliyetarajia muziki wa marehemu upigwe. Watu walitaka kitu kipya, kama wasikilizaji wa redio wanavyotaka kibao cha wiki hii. Bach mwenyewe alifanya kazi kwa mwendo huo: katika miaka yake miwili ya kwanza Leipzig alitunga karibu kantata moja kwa wiki, ikaimbwa Jumapili, kisha ikawekwa kabatini. Alipofariki tarehe 28 Julai 1750, mrithi wake akaja na muziki wake mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, wala haikuwa dharau.

Sasa mlinganishe na mwenzake. George Frideric Handel alizaliwa Halle tarehe 23 Februari 1685, na Bach akazaliwa Eisenach tarehe 21 Machi mwaka huohuo. Hata mwezi haukuisha kati yao. Hawakuwahi kuonana, ingawa Bach alijaribu: mwaka 1719 alifunga safari hadi Halle akakuta Handel keshaondoka. Lakini Handel hakupitia kipindi cha kusahaulika hata kidogo. Sababu moja kubwa ni makao ya watoto walioachwa na wazazi wao jijini London. Kuanzia mwaka 1750 oratorio yake ya Messiah, kisa cha dini kinachoimbwa na kwaya na okestra, ilipigwa pale kila mwaka kuchangisha fedha, na katika wasia wake Handel aliwaachia nakala kamili ya noti. Alipofariki mwaka 1759 palikuwa na taasisi inayohitaji muziki ule uendelee kupigwa ili watoto wale chakula. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu cha maisha yake, kilichoandikwa na John Mainwaring, kinachohesabiwa kuwa wasifu wa kwanza wa mtunzi kuchapwa kama kitabu kamili. Mwaka 1784 wapigaji na waimbaji zaidi ya 500 wakakusanyika Westminster Abbey kumuenzi. Kwaya inayoimba Haleluya ya Handel Dodoma au Kisumu wakati wa Krismasi na Pasaka imeshika ncha ya kamba ambayo haijawahi kukatika tangu enzi za mtunzi mwenyewe.

Bach hakuwa na makao ya watoto. Alikuwa na mjane na wana.

Karatasi zake ziligawanywa. Fungu kubwa lilikwenda kwa wanawe wawili wakubwa, Wilhelm Friedemann na Carl Philipp Emanuel. Emanuel alikuwa na kazi ya uhakika na alizitunza kwa uangalifu. Sehemu kubwa ya tunayoyajua leo yamepitia mikononi mwake. Friedemann, kaka mtu, aliishi miaka ya mwisho kwa shida na alikuwa akiuza miswada ya baba yake kidogo kidogo. Mjane, Anna Magdalena, alikabidhi noti za kundi la kantata kwa shule ya Mtakatifu Thomas, na kwa sababu hiyo zimebaki Leipzig hadi leo. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1760 akiishi kwa sadaka. Tangazo la kifo cha Bach linasema aliacha mizunguko mitano ya kantata za mwaka mzima na Mateso matano, yaani muziki wa kusimulia mateso ya Yesu. Kantata zilizobaki ni kama 200, ambazo hazifiki mizunguko mitano, na katika yale Mateso tunayo mawili tu yaliyo kamili. Seti sita za muziki wa selo, ambazo kila mpiga selo duniani huzisoma, hazina mswada wa mkono wa Bach. Tegemeo letu kuu ni nakala aliyoiandika Anna Magdalena.

Hata vilivyochapwa havikununuliwa. Kazi yake ya mwisho, ile inayopanga fuga juu ya fuga (vipande ambamo sauti hufuatana zikiigana) kutokana na wazo moja, ilitoka mwaka 1751. Kufikia 1756 zilikuwa zimeuzwa nakala kama 30, na Emanuel akatangaza kwamba mabamba ya shaba yaliyotumika kuichapa yanauzwa.

Hapa ndipo wengi hurukia hitimisho kwamba Bach alisahauliwa kabisa, kisha akafufuliwa kimuujiza mwaka 1829. Hiyo nayo ni hadithi iliyopambwa. Pana kumbukumbu za aina mbili, na zikichanganywa habari nzima inapotea. Ya kwanza ni kumbukumbu ya mafundi, na humo Bach hakuwahi kutoka. Mwaka 1783 Christian Gottlob Neefe, mwalimu wa Beethoven mjini Bonn, aliandika gazetini kwamba kijana wake anapiga sehemu kubwa ya preludi (vipande vya utangulizi) na fuga za Bach. Kijana alikuwa na miaka 12. Jijini Vienna, Baron Gottfried van Swieten alikuwa akiwakusanya wanamuziki nyumbani kwake kila Jumapili kupiga Bach na Handel, na Mozart alikuwa mmoja wao. Mwaka 1789 Mozart alipita Leipzig, akawasikia wanafunzi wa shule ya Mtakatifu Thomas wakiimba moteti ya Bach, wimbo wa dini wa kwaya, akaomba aone noti. Inasimuliwa kwamba hapakuwa na kitabu chenye sauti zote pamoja, ila karatasi za kila sauti peke yake, naye akazitandaza magotini na kwenye viti vilivyomzunguka, akazisoma zote mpaka mwisho.

Kumbukumbu ya pili ni ya umma: watu wanaonunua tiketi, wanaosoma magazeti, wanaotaja jina bila kuwa wanamuziki. Humo Bach hakuwepo, na kumwingiza kulihitaji kazi ya makusudi.

Kazi hiyo ilianza na siasa. Mwaka 1802 mwanahistoria wa muziki Johann Nikolaus Forkel alichapisha wasifu wa Bach akiwaelekezea wazalendo wanaoupenda muziki wa kweli. Wakati huo Ujerumani haikuwa nchi moja. Ilikuwa vijitawala vingi, majeshi ya Ufaransa yakitamba. Forkel aliwaambia wasomaji wake kwamba kazi za Bach ni urithi wa taifa. Taifa lenyewe lilikuwa bado halijapatikana, lakini babu wa kulipa heshima alikwishapatikana. Miaka hiyohiyo wachapishaji watatu, kila mmoja kivyake, walitoa kile kitabu cha preludi na fuga alichokuwa akikipiga Beethoven.

Kisha ikaja Berlin. Katika familia ya Mendelssohn, Mayahudi wenye mali na elimu, Bach alikuwa mtu wa nyumbani. Sara Levy, mama mdogo wa mama yake mtunzi Felix Mendelssohn, alikuwa mwanafunzi wa Friedemann Bach na alikusanya miswada ya ukoo ule. Bibi yake Felix, Bella Salomon, alimpa mjukuu nakala ya Mateso ya Yesu kwa Mujibu wa Mathayo. Felix na rafiki yake Eduard Devrient, mwimbaji na mwigizaji, wakamwendea mwalimu wao Zelter, mkuu wa chama cha waimbaji cha Berlin, wamshawishi awaruhusu kuipiga hadharani. Zelter alikuwa na makabati yaliyojaa Bach na alikuwa akiifanyia mazoezi faraghani, lakini aliona umma hautaiweza. Mwishowe alikubali. Tarehe 11 Machi 1829 Felix Mendelssohn, mwenye miaka 20, aliongoza kwaya kubwa na okestra, huku Devrient akiimba sehemu ya Yesu. Tiketi ziliisha. Mfalme wa Prussia alikuwepo, mwanafalsafa Hegel alikuwepo. Ikabidi irudiwe siku kumi baadaye, siku ya kuzaliwa kwa Bach.

Walichokisikia hakikuwa Mateso kamili. Mendelssohn alikata sehemu nyingi, nyimbo za mwimbaji mmoja hasa, akabadilisha vyombo ambavyo havikuwa vikitumika tena. Ukitaka kuwa mkali unaweza kusema umma ulipewa Bach aliyekatwa na kushonwa upya kwa mtindo wa 1829. Mimi simlaumu, bila mkasi ule pengine watu wangesinzia na mambo yangeishia hapo.

Devrient ameandika katika kumbukumbu zake kwamba Felix alimwambia: ajabu iliyoje kwamba muziki mkuu wa Kikristo unarudishwa kwa watu na mwigizaji na kijana wa Kiyahudi. Felix alikuwa amebatizwa utotoni, lakini alijua anavyotazamwa. Alifariki 1847. Miaka mitatu tu baadaye mtunzi Richard Wagner, akijificha nyuma ya jina la bandia, alichapisha makala ya kudai kwamba Myahudi hawezi kutunga muziki wenye kina, na Mendelssohn akawa mfano wake mkuu. Shutuma hiyo ilinata. Mwaka 1936 sanamu ya Mendelssohn iliyosimama mbele ya ukumbi wa Gewandhaus mjini Leipzig, alipokuwa kiongozi wa okestra, ilibomolewa na Wanazi. Meya Carl Goerdeler alikuwa safarini. Aliporudi alidai irudishwe, akashindwa, akajiuzulu. Bach, wakati huohuo, alikuwa akitukuzwa na serikali ileile kama Mjerumani halisi. Nakala ya sanamu ya Mendelssohn ilisimamishwa tena mwaka 2008, karibu na kanisa la Mtakatifu Thomas.

Kuanzia 1850 chama kilichoundwa kwa jina la Bach kilichapisha kazi zake zote, kazi iliyochukua nusu karne. Na mtu akishapandishwa hadi hapo, wengine hulazimika kushuka. Aliyelipia zaidi ni Telemann.

Telemann alitunga zaidi ya kazi 3,000. Alikuwa rafiki wa Bach, tena baba wa ubatizo wa Carl Philipp Emanuel. Wanazuoni wa karne ya 19 walipohitaji kuonyesha ukuu wa Bach, walihitaji mtu mwepesi wa kumweka kando yake, na wingi wa kazi za Telemann ukageuzwa ushahidi dhidi yake: aliyetunga vingi hivyo atakuwa alilipua. Philipp Spitta, aliyeandika wasifu mkubwa wa Bach, alimshusha. Albert Schweitzer, yuleyule aliyekuja kufungua hospitali Lambaréné nchini Gabon, alikuwa mpiga kinanda na aliandika kitabu kizito juu ya Bach. Yeye naye hakuwa na neno jema kwa Telemann. Halafu ikabainika kwamba baadhi ya kantata walizozisifu kama kazi za Bach zilikuwa za Telemann. Katika orodha rasmi ya kazi za Bach, namba 141 na namba 160 ni za Telemann. Walikuwa wakilisikiliza jina.

Jambo hilo halikuishia kwao. Kila mtoto anayejifunza piano, Nairobi au Vienna, hufika kwenye minueti fupi ya ufunguo wa G iliyokuwa ikiandikwa jina la Bach juu yake. Imetoka kwenye daftari la Anna Magdalena, na miaka ya 1970 ilithibitishwa kuwa ni ya Christian Petzold, mpiga kinanda wa Dresden. Jina kubwa huvuta kazi za watu kama sumaku inavyovuta misumari; Petzold amebaki kuwa maelezo ya pembeni.

Na Graupner, yule wa pili kwenye orodha ya Leipzig? Kisa chake kinaharibu kabisa wazo kwamba karatasi zikihifadhiwa mambo yamekwisha. Alipofariki 1760, warithi wake na watawala wa Darmstadt walivutana kuhusu nani mwenye miswada. Kesi iliendelea hadi karne iliyofuata, warithi wakashindwa, na kwa sababu ya mvutano huo hakuna aliyeweza kuiuza rejareja. Kwa hiyo zimebaki kantata zake zaidi ya 1,400, mara saba ya zile za Bach. Lakini hapakuwa na watoto maarufu wa kulitaja jina, wala Forkel, wala Mendelssohn. Noti zilikaa salama maktabani na kimya kikaendelea. Rekodi za Graupner zimeanza kuongezeka miaka hii ya karibuni, na kwa sikio langu zipo kantata zake zinazostahili kabisa kukaa mbele ya watu.

Kuna namna mbaya zaidi ya kukumbukwa kuliko kusahaulika, nayo ilimpata Antonio Salieri. Ukitaja jina lake leo, hata kwa mtu asiyejua opera, jibu litakuwa: si ndiye aliyemuua Mozart? Salieri alizaliwa Legnago, Italia, mwaka 1750, akawa mkuu wa muziki wa kasri la Vienna kuanzia 1788 hadi 1824. Opera zake zilipigwa Paris na Vienna kwa mafanikio ambayo Mozart aliyatamani. Alimfundisha Beethoven, Schubert na Liszt. Alimfundisha pia mtoto wa Mozart, Franz Xaver. Mjane hampeleki mtoto kwa muuaji wa baba yake.

Upo ushahidi wa mkono wa Mozart mwenyewe. Oktoba 1791, wiki chache kabla ya kufa, alimwandikia mkewe Constanze kwamba amemchukua Salieri kwa gari lake kwenda kuona opera yake mpya, na kwamba tangu mwanzo hadi mwisho hapakuwa na kipande ambacho Salieri hakukishangilia kwa sauti. Kisha zipo noti za kantata ndogo ya mwaka 1785 waliyoitunga pamoja kusherehekea kupona kwa mwimbaji Nancy Storace; zilitambuliwa Prague mwishoni mwa 2015. Walikuwa washindani wa kazi, ndiyo, kama watu wawili wanaowania cheo kimoja ofisini. Mozart na baba yake walinung'unika mara nyingi kuhusu Waitaliano wa kasri. Kutoka hapo hadi sumu ni mbali.

Uvumi ulishika kasi Salieri alipokuwa mzee, mgonjwa, akili ikimtoka. Ikasemwa amekiri. Wauguzi waliokuwa naye walikanusha. Lakini huko nje palikuwa na kiu ya hadithi ya namna hiyo: Mjerumani mwenye kipaji aliyeangamizwa na Mwitaliano mwenye fitina. Mwaka 1830 mshairi wa Urusi Pushkin akaandika tamthilia fupi ambamo Salieri anatia sumu kwenye kinywaji. Mtunzi Mrusi Rimsky-Korsakov akaigeuza opera mwishoni mwa karne. Mwaka 1979 tamthilia ya Amadeus ya Peter Shaffer ikaanza kuonyeshwa London, na filamu yake ya 1984 ikachukua Oscar nane. Shaffer hakudai kwamba anaandika historia. Watazamaji ndio waliotoka ukumbini na historia.

Upande wa pili wa kisa hicho hausemwi sana: Mozart alikuwa na Constanze. Filamu humchora kama msichana wa kuchekacheka. Yule wa kweli aliachwa na watoto wawili na madeni, akaandaa matamasha ya kumkumbuka mumewe, akaitunza miswada na kumuuzia mchapishaji Johann Anton André kundi kubwa kwa pamoja, kisha yeye na mume wake wa pili, Georg Nissen, wakaandaa wasifu uliotoka 1828. Ukiniuliza nani alifanya kazi kubwa kuliko wote kuhakikisha unalijua jina la Mozart, nitamtaja yeye.

Wengine walikatwa kwenye karatasi yenyewe. Mei 1803 mpiga fidla George Bridgetower, ambaye baba yake alikuwa mwenye asili ya Afrika, alipiga na Beethoven jijini Vienna sonata iliyotungwa kwa ajili yake, wino ukiwa bado haujakauka sawasawa, kiasi kwamba sehemu nyingine aliisoma akichungulia mswada wa Beethoven begani. Juu ya mswada Beethoven alimtania kwa jina. Baadaye wakakosana, na sonata ilipochapwa ikatolewa kwa heshima ya Rodolphe Kreutzer wa Paris, ambaye hakuwahi kuipiga hadharani. Mpaka leo inaitwa kwa jina la Kreutzer. Bridgetower alifariki London mwaka 1860.

Fanny Mendelssohn, dada yake Felix, aliambiwa na baba yake mwaka 1820 kwamba muziki huenda ukawa kazi kwa Felix, ila kwake utakuwa pambo tu. Nyimbo zake kadhaa zilitoka ndani ya vitabu vya Felix. Mwaka 1842 Malkia Victoria alimwimbia Felix wimbo anaoupenda miongoni mwa "nyimbo zake", na Felix ikambidi akiri kwamba ule ni wa dada yake. Sonata ya Pasaka aliyoitunga Fanny mwaka 1828 ilipojitokeza Paris mwaka 1970, ilidhaniwa ni ya Felix. Angela Mace Christian alilinganisha mwandiko na kurasa zilizochanwa kwenye daftari la Fanny mwaka 2010, na Machi 2017 ikapigwa London kwa jina lake.

Florence Price wa Chicago alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika-Mmarekani kupigiwa simfoni na okestra kubwa ya Marekani, Juni 1933. Miaka kumi baadaye alimwandikia kondakta Serge Koussevitzky wa Boston akimwambia waziwazi kwamba ana vikwazo viwili, jinsia yake na rangi yake. Alifariki 1953. Mwaka 2009 wanandoa walionunua nyumba mbovu huko St. Anne, Illinois, wakaikuta imejaa karatasi zenye jina lake. Ilikuwa nyumba yake ya mapumziko. Miongoni mwake zilikuwemo konseto mbili za fidla. Mwaka 2018 mchapishaji G. Schirmer akachukua haki za kazi zake zote, na mara noti zilipoanza kupatikana kwa kukodi, okestra zikaanza kumpanga kwenye ratiba zao. Kabla ya hapo hata kondakta aliyemtaka hakuwa na pa kuagizia.

Mtu atauliza: kwa hiyo ubora si kitu, ni bahati na matangazo tu? Hapana. Mendelssohn asingeweza kuujaza ule ukumbi mara ya pili kwa muziki dhaifu. Bach anabaki kwa sababu kila kizazi kinachompiga kinakuta kazi zaidi ndani yake. Lakini ubora hufanya kazi baada ya mtu kusikilizwa, na kusikilizwa huamuliwa na mambo mengine kabisa: deni la Friedemann, kesi ya Darmstadt, bibi aliyemzawadia mjukuu nakala. Tunaloliita uteuzi wa wakati lilifanyika katika kapu ambalo tayari lilikwishapunguzwa. Hatuwezi kujua Mateso matatu ya Bach yaliyokosekana yalikuwaje, achilia mbali watunzi ambao hata orodha ya vilivyopotea hawana.

Nasi tunaye mmoja tunayemwimba bila kumtaja. Sauti ya "Mungu Ibariki Afrika" ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg. Alifariki 1905, akiwa na umri wa miaka 30 na kidogo. Aliandika nyimbo zake kwenye daftari, likaazimwa hapa na pale, likapotea. Wimbo ukavuka mipaka, ukawa wa chama cha ANC, ukawa wa taifa Tanzania na kwingineko, huku kaburi lake halijulikani liliko. Waliolitafuta kwenye rejesta za makaburi ya Braamfontein walikuwa wakipekua herufi S. Wakati wa kumzika alikuwa ameandikwa kwa jina la Enoch. Mnara uliwekwa pale Septemba 1996. Wakati huo Watanzania walikuwa wamekwisha kuuimba wimbo wake kama wa taifa kwa karibu miaka 35, na katika noti nyingi za fotokopi zinazozunguka kwenye kwaya zetu hadi leo, pale juu kulia panapoandikwa jina la mtunzi ndipo mashine ilipokata.